"Sijaiona Kariakoo" siyo ushahidi, mkuu

Simama hapo hapo. Umeuliza ada ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi, patent) ni kiasi gani na kama unaweza kuomba na ya Kenya kwa mkupuo mmoja, halafu ukachomekea kwamba mashine yako ya kubangua korosho ni mpya kwa kuwa umezunguka Kariakoo na Gerezani hujaiona. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, yakanila milioni nane.

Yangu ilikuwa ya kupura mpunga: ngoma yenye meno ya waya, kanyagio kama la cherehani, na matairi ya toroli ya kuivutia shambani. Nikampa wakala kazi ya kutafuta kama kuna aliyenitangulia. Jamaa ana tai, ana kiyoyozi. Baada ya wiki akaleta karatasi: hakuna. Kumbe alitafuta JINA! Kwamba hakuna kampuni wala alama ya biashara inayoitwa hivyo. Sasa nilikuwa nasajili mashine au natoa jina la mtoto? Na hela ya "utafiti" alikula bila kutema mfupa.

Hataza ikatoka, nikavimba. Fundi mmoja Morogoro akachonga inayofanana, nikamtumia barua ya wakili. Akajibu kwa hati kuukuu ya Kijapani yenye mchoro. Kijapani sijui, ila mchoro niliuelewa mpaka tumbo likauma. Wenzetu walikuwa wanapura mpunga hivyo tangu miaka ya 1910.

Dai langu la kwanza, yaani sentensi ya kwenye hataza inayotaja hasa unacholinda, likachambuliwa kipande kwa kipande, kila kimoja kikatafutwa ndani ya hati ile ile moja. Ngoma ipo, meno yapo, kanyagio lipo. Yakabaki matairi. Nikayang'ang'ania matairi kama mtu anayezama, nikaambiwa kufunga matairi kwenye kitu kizito fundi yeyote anajua, huo si uvumbuzi. Nikasema basi hataza ya Mjapani ilishakufa, muda wake uliisha. Ndiyo, imekufa, kwa hiyo kila mtu ruksa kuitengeneza, lakini mashine haiwi mpya kwa sababu hataza yake imekufa.

Na usidhani ni hati tu. Uingereza miaka ya 1980 hataza ya ubao wa tanga (ule wa kusimama na kuteleza majini kwa upepo) ilizama mahakamani, na mmoja wa mashahidi wa kuizamisha ulikuwa ubao aliojitengenezea mtoto wa miaka 12 kule Hayling Island mwaka 1958. Mtoto! Alikuwa anacheza tu, lakini hadharani.

Kwa hiyo kabla ya senti moja kutoka, ingia mwenyewe Espacenet, hazina ya hataza ya mtandaoni, ni bure. Tafuta kwa kazi inayofanywa na mashine, jina liache. Mashine za kubangua na kupasua njugu zina fungu lao kwenye mpangilio wa hataza, A23N 5. Lipitie lote, angalia michoro, hasa ya Wahindi na Wabrazili maana korosho ni zao la kwao. Ukichoka, endelea.

Mashine zangu sita ziko uani, kuku wanatagia ndani ya ngoma. Anayetaka aje PM, matairi bado mazima.