Matundu Matano Hayatoshi: Kabla Hujanunua Rimu za Gari Jingine

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua rimu nne za mtumba za Subaru Impreza, inchi 16, kwa ajili ya Toyota Allion yangu, ambayo ilikuwa ikitembelea rimu za chuma za inchi 15 zenye vifuniko vya plastiki. Muuzaji pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinihesabia matundu, matano kwa matano, akanitilia na nati zake katika mfuko wa rambo, nami nikaondoka nikijiona mjanja.

Kwa fundi tairi, nati ya kwanza ilizunguka mara mbili kwa mkono ikagoma. Kijana akachukua mashine ya upepo, akailazimisha, na boliti ikaliwa meno. Boliti za Toyota yangu zina unene wa milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5, za Subaru ile zina unene huohuo, ila meno yake yamebanana zaidi, yaani 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo ziamini nati za gari lako, ambazo zinapaswa kuzunguka kwa vidole angalau mara nane bila kugoma. Tazama pia kitako cha nati, yaani sehemu inayokalia rimu, kwa sababu nati za kiwandani za Honda zina kitako cha duara kama mpira, ilhali rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa ajili ya kitako cha pia, yaani kilichochongoka kama koni. Nati ya Honda itaingia vizuri kwenye boliti ya Toyota, lakini ndani ya tundu la umbo la pia itagusa mstari mwembamba tu, na haitakawia kulegea.

Nilibadilisha boliti, nikarudisha nati zangu, nikashika njia ya Morogoro. Nilipopita Kibaha na kufikisha kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Nilifanya balansi ya magurudumu mara mbili bila nafuu, hadi fundi mmoja mzee alipoitoa rimu na kunionyesha tundu la katikati, lile linalokaa juu ya habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Habu ya Allion ina kipenyo cha milimita 54.1, na tundu la rimu ya Subaru ni 56.1, kwa hiyo rimu ilikuwa inaning'inia kwenye boliti pasipo kushikwa katikati. Dawa yake ni ringi nyembamba ya kuziba pengo hilo, ambayo hata fundi wa kerezo anaweza kuichonga ukimpa vipimo sahihi. Cha ajabu ni kwamba mambo hayaendi hivyo ukigeuza upande: jirani yangu mwenye Impreza alipotaka kuazima zile rimu zangu za zamani, hazikuingia kabisa, kwa kuwa tundu dogo halivaliki kwenye habu kubwa, ijapokuwa matundu ya boliti yanalingana.

Kuhusu hayo matundu ya boliti, idadi pekee haikuambii kitu. Allion na Impreza za miaka ile zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, Toyota Noah na RAV4 kwenye 114.3, Mercedes nyingi kwenye 112. Ili kupima rimu ya matundu matano, weka rula kwenye ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalofuata, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata takriban milimita 59 kabla ya kuzidisha, hilo ni duara la 100. Ukipata 67, ni 114.3. Duara la 112 hutoa karibu 66, na tofauti hiyo ya milimita moja na kitu ndiyo inayowafanya watu walazimishe rimu za Mercedes kwenye Toyota, hadi boliti zinapinda. Rimu ya namna hiyo mimi siichukui hata kwa bei ya bure.

Kinachosahaulika zaidi ni ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Huandikwa upande wa nyuma wa rimu, mara nyingi baada ya herufi ET. Rimu zangu za zamani zilikuwa na upana wa inchi 6 na ofseti ya milimita 45, na zile za Subaru upana wa inchi 6.5 na ofseti ya 53. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo gurudumu linavyozama ndani. Ukijumlisha na nusu ya upana ulioongezeka, ukingo wa ndani ulisogelea shokomzoba kwa karibu milimita 14. Kwangu ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Gari lenye nafasi finyu zaidi lingekwaruza tairi.

Tairi lenyewe halikunisumbua: la zamani, 195/65R15, lina kipenyo cha milimita 634 na nusu, na la rimu mpya, 205/55R16, lina 632, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakikudanganya.

Siku hizi silipi kabla ya kujaribu rimu moja tupu, isiyo na tairi, kwenye gurudumu la mbele. Napiga jeki, nafunga nati kwa mkono, nazungusha rimu taratibu nikisikiliza kama inagusa kalipa ya breki (kile kifaa kinachobana diski), kisha nakata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Nikiridhika, tairi linavalishwa, nati zinafungwa kwa kurukia moja hadi ya upande wa pili, na baada ya kilomita 50 nazikaza tena kwa mkono.