Pointi za kadi ya kampuni: naweza kumpeleka mama Umra?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nashughulikia manunuzi na safari kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kampuni imenipa kadi ya mkopo yenye jina langu. Nalipia tiketi za ndege za wakubwa, hoteli za Dar es Salaam na vipuri. Ninayo na kadi yangu binafsi, deni lake nalimaliza kabla ya tarehe. Kila ninapolipa kwa kadi benki inatoa pointi, ambazo hubadilishwa kwa tiketi au bidhaa. Benki inaruhusu pointi za kadi zote mbili ziingie akaunti moja, nami nimeziunganisha. Baadhi nilishazitumia kumnunulia mdogo wangu simu. Zilizobaki zinakaribia tiketi ya kumpeleka mama, yuko Nansio, akafanye Umra. Wenzangu wanasema pointi ni zawadi ya benki kwa mwenye kadi, kampuni haipungukiwi kitu, tena mwenye kampuni si Muislamu. Moyo haujatulia.

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Binti yangu, suala la riba ya kadi silirudii, umeshasema unavyolipa. Pointi za kadi yako ni zako, mpeleke nazo mama popote. Pointi za kadi ya kampuni ni za kampuni mpaka yenyewe ikuachie.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini maneno uliyoambiwa na wenzako nayasikia kila mahali siku hizi, hata kwa watu wa safu ya mbele msikitini, na hayafai kuachwa yapite.

Wanasema ni zawadi. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi itamfikia. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Sasa jiulize: ungekaa kwenu Nansio bila kazi hii, benki ingekuletea pointi za tiketi za mkurugenzi? Jina lako limechapwa kwenye kadi kwa sababu lazima mtu aibebe. Deni linalipwa na kiwanda.

Wewe hapo ni wakala, na hukumu ya wakala inajulikana hata soko la samaki la mwaloni Kirumba. Mtu akipewa fedha za tajiri anunue sangara, mvuvi akamtupia samaki wa nyongeza kwa kuwa mzigo ni mkubwa, samaki yule anapanda gari la tajiri. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja anunue mbuzi. Akapata wawili kwa dinari ile, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Ujanja wa sokoni ulikuwa wake, faida akaipeleka kwa mwenye mtaji, na Mtume akamuombea baraka katika biashara yake.

Wanasema kampuni haipungukiwi. Hesabu gani hiyo? Pointi zinazotosha tiketi ya kwenda Jidda zingetosha safari kadhaa za Dar kwa watu wa kiwanda. Halafu kuna jambo baya zaidi, nalo halionekani kwenye vitabu vya mhasibu. Hoteli mbili zikikuletea bei, ya rahisi haina pointi, ya ghali inazo, wewe utachagua ipi? Sikutuhumu. Ila mtu anayenunua kwa fedha ya mwingine huku akivuna mwenyewe, jicho lake halibaki sawa muda mrefu.

Yupo atakayekwambia dunia nzima wafanyakazi wanazichukua. Si kweli. Marekani, watumishi wa serikali kuu hawakuruhusiwa kujitumia maili za ndege, yaani pointi za mashirika ya ndege, walizopata safarini kikazi mpaka sheria ya mwaka 2001 ilipowapa ruhusa. Ujerumani, mahakama kuu ya kazi iliamua mwaka 2006 kuwa maili za safari alizolipia mwajiri ni za mwajiri. Hatuchukui dini yetu huko. Nakuonyesha tu kwamba hata wao waliona kuna mwenye mali, na ruhusa hutoka kwake.

Na hili la kusema mwajiri si Muislamu limenikera kuliko yote. Usiku wa Hijra, Makureshi wakipanga kumuua, Mtume alimwacha Ali Makka ili arudishe amana za watu, na wenye amana hizo ndio washirikina wenyewe. Anayehalalisha mali ya mtu kwa sababu ya dini yake amejitungia sheria.

Basi, muulize mwajiri, kwa maandishi. Kampuni nyingine huwaachia wafanyakazi pointi kama sehemu ya marupurupu. Wakikwambia chukua, hiyo ni hiba ya mwenye mali, na Umra ya mama haina doa. Wakikataa, taarifa za kila mwezi zitakuonyesha zipi zimetoka kadi gani, uache za kampuni ubaki na zako. Halali haiharibiki kwa kuchanganyika na kitu kinachoweza kutenganishwa. Wallahu a'lam.

Hiyo ndiyo hukumu. Linalokulaza macho, nadhani, ni ile simu. Usiifiche. Unapoomba ruhusa ya zilizobaki, taja na ulizokwisha kutumia, useme hukujua na uko tayari kulipa thamani yake, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Naijua hofu ya kazi, hasa miezi ambayo sangara wamepungua na viwanda vinapunguza watu. Kama unaona barua itakuponza, anza na mkubwa wako wa karibu unayemwamini, kwa mdomo, kisha barua ifuate. Simu mwachie mdogo wako, deni ni lako wewe.

Mama usimtajie tarehe bado. Kwa sisi Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, Umra ni wajibu, lakini kwa mwenye uwezo. Asiye nao hadaiwi, naye mama hana dhambi kwa kusubiri. Kaa na ndugu zako muweke fungu kila mwezi juu ya pointi zako halali. Umra haina msimu mmoja kama Hija, kwa hiyo fungu likitimia mwezi wowote, mkatieni tiketi.