Muulize Fundi: Kompyuta Inazima Kila Saa Nane Mchana

SWALI: Mwangaluka dada fundi. Nina steshenari Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na Mwaloni. Kompyuta yangu ya mezani asubuhi haina tatizo, ila jua likipanda inaanza kuwa nzito, na kwenye saa nane inazima yenyewe, tena mteja wa CV akiwa amesimama hapo hapo. Umeme unakuwepo, printa inawaka. Kijana mmoja aliniwekea programu ya kupima joto, mstari mmoja ukasoma 44 na mwingine 96. Akasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani unaobeba vifaa vyote, imeungua, nitafute nyingine. Nifanyeje?
Mama Steshenari, Kirumba

JIBU: Mwangaluka mama. Usinunue kitu. Mazabodi iliyoungua haiamki asubuhi ikachapa kazi mpaka saa nane. Hiyo yako inajiokoa.

Kijana amechanganya mistari. Ile 44 ndiyo sensa ya mazabodi (yaani kipima joto chake, siyo sensa ya kuhesabu watu), na kwa duka lenye joto la nyuzi 29 hivi, 44 ni afya njema. Mimi huanza kukunja uso ikipita 50 na kuendelea kupanda. Ile 96 ni ya prosesa, chipu inayofanya kazi zote za kufikiri. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha nyuzi 100 au karibu na hapo, na nyingi za AMD Ryzen ni 95. Ikikaribia kikomo inapunguza mwendo wake yenyewe, na huo ndio uzito unaouona. Joto lisiposhuka, mashine inakata kabisa.

Sasa nikuulize kama mwanamke kwa mwanamke: hiyo kesi, ambayo wengi mnaiita CPU, imekaa wapi? Ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, sivyo? Na juu yake kuna kitambaa cha kufuma. Nimeingia maduka mengi ya Kirumba na Mabatini, na karibu kila kompyuta nimeikuta imevalishwa kama bibi harusi. Kesi ina mlango wa kuingilia hewa mbele na wa kutokea nyuma. Ukiifungia kabatini, inavuta tena hewa ile ile iliyoitoa, kila mzunguko ikiwa ya moto zaidi. Ukifika saa nane, kabati limeshakuwa oveni.

Halafu kuna wageni wetu wa ziwani. Nililetewa mashine kutoka huko huko ufukweni, mwenyewe akilalamika kama wewe. Nilipong'oa feni ya prosesa sikuyaona kabisa mapezi ya hiti sinki, zile bati nyembamba za alumini zinazochukua joto. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilikiinua kwa kijiti cha meno kikatoka kizima, kimeshikamana: vumbi la barabarani, nyuzinyuzi za karatasi, na mamia ya vile vijidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi na usiku kufuata taa. Kikanuka dagaa, sikutanii. Tuliporudisha feni, prosesa ikatoka 93 hadi 61 kwa kazi ile ile. Sikubadilisha hata skrubu.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kesi kabla hujagusa kitu cha ndani. Safisha kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na blowa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na shika feni kwa kidole wakati unapuliza. Mafundi wengi hufurahia ikizunguka na kulia kama pikipiki, kumbe wanaiua beringi yake, na feni inayozungushwa hivyo inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Pawa saplai, lile boksi la bati linapoingia waya wa umeme, puliza kwa nje tu, usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna kapasita zinazoshikilia umeme wa kukurusha.

Kama mashine ina miaka minne, mitano, badilisha na ile pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na hiti sinki, maana hukauka ikawa kama chokaa. Futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya wali, bana hiti sinki, basi. Kuna wanaopaka dawa ya meno. Inapoza kweli kwa siku chache, kisha inakauka, na mteja anarudi kwangu akinukia minti.

Ukiwa umefungua, angalia pembeni ya prosesa. Kuna vikopo vidogo vilivyosimama: hizo ni kapasita. Ziko hapo na vijenzi vinavyoshusha umeme wa volti 12 kuwa volti moja na kidogo ya prosesa, na sehemu hiyo hupata joto kali ambalo ile sensa ya 44 huenda isilione. Vichwa vya kapasita viwe bapa. Kikivimba kama andazi, hapo ndipo tuzungumzie mazabodi.

Na hapa ndipo joto linapokula pesa zako kimyakimya. Kapasita ya aina hii ikiandikwa nyuzi 105 na kupimwa kwa saa 2,000, kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10, umri unakuwa mara mbili. Ikifanya kazi kwenye 85, ni kama saa 8,000: ukifungua duka saa kumi kwa siku, miaka miwili na kidogo. Ishushe mpaka 65, zinakuwa 32,000, karibu miaka tisa. Toboa basi mgongo wa hilo kabati, tundu la kupitisha sahani, au mwite seremala aweke wavu. Kufuli libaki.

SWALI: Fundi, niko Nansio, Ukerewe. Programu inaonyesha mazabodi yangu ina nyuzi 127 muda wote, hata nikiwasha asubuhi na baridi. Je, italipuka?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Hailipuki, ndugu yangu. Namba isiyotikisika tangu kuwasha hadi kuzima ni ya sensa ambayo haipo. Programu inasoma mguu mtupu wa chipu na kuleta 127, wengine hupata namba hasi za barafu. Ingia BIOS, ile menyu ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows, tazama ukurasa wa afya ya mashine, amini namba za pale. Na weka kiganja kwenye bati la kesi: kama ingekuwa 127 kweli, usingekitoa salama.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimepanga Nyegezi. Nimeondoa ubavu wa kesi na kuielekezea feni ya mezani, joto limeshuka nyuzi 15. Rafiki yangu aliyetoka Dar anasema huku hatuhitaji hayo, Mwanza ni baridi. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Rafiki yako amesahau kwamba ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Wao wana joto, sisi tuna wepesi wa hewa: tuiite sare. Feni yako endelea nayo mpaka mtihani uishe, ila saa moja jioni rudisha ubavu. Soma tena habari ya lile blanketi hapo juu.