Maswali na majibu: Mnara wa vita vya Mjerumani na watu waliosahauliwa

Kamati ya kijiji chetu inajenga mnara wa vita vya Mjerumani. Kwenye mchoro, jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, liko juu kwa herufi kubwa, askari wako chini yake. Ni sawa? (Msomaji, Mtama)

Si sawa, ndugu yangu, na semeni mapema kabla saruji haijakauka. Uhodari wake wa vita sibishi. Pale Mahiwa, huku Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, akiwa na watu kama 1,500, aliwazuia Waingereza waliomzidi mara tatu, wakapoteza zaidi ya 2,000 kati ya waliouawa na majeruhi. Ila mwezi uliofuata aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wake mwenyewe huku kwenye uwanda wa Makonde, akavuka Ruvuma. Na ni huyohuyo aliyepigana Namibia kuanzia 1904, wenyeji Waherero walipoangamizwa na Wajerumani. Mtajeni kwenye maelezo, inatosha. Kichwani mwa mnara wakae wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya vita.

Mahiwa ndiyo vita ya Majimaji? (Wasomaji wengi)

Hapana! Nimelijibu hili mara nyingi mno. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Misheni ya Nyangao, jirani na Mahiwa, ilichomwa wakati huo. Mahiwa ni Vita Kuu ya Kwanza. Mkikosea hapo, msiandike chochote kwenye jiwe.

Nasikia kwenye makaburi ya Wajerumani kuna mali. Alama zake zikoje? (Msomaji, Nachingwea)

Alama sikupi. Kufukua kaburi ni kosa la jinai, na utakachokutana nacho ni mifupa ya mtu, pengine ya babu wa jirani yako. Hatari nyingine ni mabomu: kombora lililolala ardhini miaka mia linaweza bado kulipuka. Mkikuta chuma msichokifahamu shambani, msikiguse wala msikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Waiteni polisi.

Babu yangu alibebeshwa mizigo vitani, hakurudi. Hatuna picha wala karatasi. Jina lake litaingiaje? (Msomaji, Masasi)

Liingie kwa kauli ya ukoo, mwanangu. Upande wa Uingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, mtu ana sanduku la risasi kichwani na unga kiganjani. Upande wa Mjerumani hata hesabu ya maana haikuwekwa. Anayedai cheti hapo anawafuta mara ya pili.

Kaeni na wazee, warekodini kwenye simu: jina, ukoo, alikochukuliwa, nani alimchukua. Waulizeni na habari za wanawake, maana wake za askari walifuata msafara na watoto mgongoni, wakipika njia nzima. Halafu acheni nafasi wazi kwenye jiwe. Majina mengine yatakuja baada ya uzinduzi, watu wakishaona kwamba mmesema kweli.

Tuzindue lini? (Katibu wa kamati, Lindi)

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa ya taifa, viongozi wana ratiba zao. Nyinyi chagueni katikati ya Oktoba: ndizo tarehe za mapigano yenyewe, mvua bado, na minada ya korosho ikianza watu wana chochote mfukoni. Viti vya mbele wakae wajukuu wa wapagazi. Mgeni rasmi atafutiwe nafasi baada yao.