Hatari Ianzie Chumbani: Ushauri kwa Anayetengeneza Filamu ya Polepole Kuhusu Gemu Inayoua

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekata tamaa. Ana filamu fupi ya dakika 20 kuhusu msichana anayecheza gemu ya uhalisia pepe (ile ya kuvaa miwani na kujiona umo ndani ya ulimwengu wa kompyuta) inayoweza kumuua, na kila anayeitazama humwambia inachosha. Anauliza: aongeze mapigano? Hapana. Nitalieleza hili kirefu, kwa sababu inaniuma kuona wazo zuri likifukiwa chini ya milio ya risasi.

Filamu ya aina hii huchosha pale mtazamaji asipojua mchezaji anapoteza nini. Mtu akipigwa risasi ndani ya gemu, mtazamaji anajua moyoni kwamba ile ni gemu tu. Hatari iko kwenye mwili ulioachwa kitini, katika chumba kisicho na mtu mwingine. Mwendo wako wa polepole uutumie huko.

Tazama filamu ya Avalon ya mwongozaji Mjapani Mamoru Oshii, ya mwaka 2001, iliyopigwa nchini Poland na kuzungumzwa Kipolandi. Ash, anayeigizwa na Małgorzata Foremniak, ni hodari wa gemu haramu ya vita, na wachezaji wanaozama mno humo huishia hospitalini, miili ipo lakini wenyewe hawapo. Vifaru vimo, helikopta zimo. Ila kinachobaki kichwani ni mwanamke anayepanda tramu kurudi nyumbani, kisha anampikia mbwa wake chakula kizuri bila haraka. Muda ule wa jikoni ndio unaotuonyesha Ash bado ameshikwa na nini upande huu wa maisha. Mbwa anapotoweka, pigo linatufikia kwa sababu tumekaa naye. Ukipunguza jikoni ili kuongeza vifaru, pigo hilo hulipati tena.

Kwa hiyo rudi kwenye skripti. Kila tukio la chumbani lipe badiliko moja la mwili, na uliandike kama kitendo. Usitunge miujiza, kwani mwili usiosogea una hatari zake za kweli. Hospitalini mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, kwa sababu ngozi inayokandamizwa hukosa damu na kufanya vidonda vya kulalia. Miguu iliyokaa muda mrefu bila kusogea inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Anayekodolea skrini hupepesa macho kwa nadra, na macho hukauka. Midomo hupasuka kwa kiu. Weka glasi ya maji mezani katika tukio la kwanza, irudie katika la tatu ikiwa haijapungua hata kidogo. Mtazamaji ataelewa bila daktari kuja kumhutubia.

Sasa tatizo ambalo wengi hulikuta wakiwa tayari kwenye seti: miwani ya gemu hufunika macho, na mwigizaji bila macho amepoteza nusu ya kazi yake. Kamera iende kwenye taya, koo linalomeza mate, vidole vinavyojikunja. Ndani ya miwani toa lenzi, bandika utepe mfupi wa taa za LED upande wa pua, ufunike kwa matabaka mawili ya karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga uvujie shavuni kwa ulaini. Mwanga ukizidi, ongeza karatasi. Usitumie swichi rahisi ya kupunguza mwanga. Nyingi kati ya hizo huwasha na kuzima taa kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini kamera huigeuza kuwa mistari inayotembea usoni. Taa nyingi zinazotumia umeme wa ukutani nazo zina tabia hiyo. Penye umeme wa hezi 50 weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde. Penye hezi 60, weka 1/60. Piga sekunde 10 za jaribio, uzitazame kwenye skrini kubwa kabla mwigizaji hajaketi.

Shoti ndefu, yaani kipande kilichopigwa mfululizo bila kukatwa, inahitaji tukio ndani yake. Ikiwa ni ya sekunde 90, panga mabadiliko matatu: sauti moja inaingia au kukatika, mwanga unahama, mwili unafanya jambo. Mwigizaji mpe kazi. Ukimwambia “kuwa na huzuni” atakunja uso kwa sekunde 90. Ukimwambia afungue kifungo ambacho vidole vyenye ganzi havikiwezi, utapata huzuni yenyewe. Baada ya hapo piga mkono na glasi peke yake, karibu, ili mhariri awe na mahali pa kukatia. Wengi huona shoti hiyo ya akiba kama woga, na wengi hao hao huishia kuitupa shoti ndefu yote kwa sababu ya sekunde tano mbovu katikati.

Kuhusu rangi, Avalon hubaki kwenye kahawia ya picha za zamani mpaka ngazi ya mwisho ya gemu, ndipo rangi kamili inapofunguka. Ukitaka njia hiyo, usiiweke kahawia ndani ya kamera. Piga na rangi zote, uziondoe wakati wa kuhariri, kwa kuwa rangi ambayo kamera haikuirekodi huipati tena. Kabla ya kupiga, pigia seti picha ya simu isiyo na rangi: koti jekundu mbele ya ukuta wa kijani linaweza kugeuka kijivu kilekile, na mwigizaji akamezwa na ukuta.

Ulimwengu wa gemu hauhitaji kompyuta kubwa. Mpita njia yuleyule apite mara mbili kwa mwendo uleule. Nguo zilizoanikwa zisitikisike wakati upepo unasikika. Usitikise kamera kwa kisingizio cha macho ya mchezaji, utawapa kichefuchefu walioketi mbele. Kichefuchefu ni cha mwigizaji: macho yamemwambia anakimbia, sikio la ndani limemwambia ameketi. Akivua miwani, ashike ukingo wa meza na kuangalia sakafu. Kutapika kuonekane mara moja tu, au kusiwepo kabisa.

Mwanga wa kumetameta wakati wa kuingia kwenye gemu usizidi mara tatu kwa sekunde. Zaidi ya hapo unaweza kumsababishia degedege mtazamaji mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na hakuna pambo la picha linalostahili hilo.

Mwisho ni sauti. Kila chumba kirekodi dakika moja watu wote wakiwa kimya, maana ukimya wa chumba una mvumo wake, na ukiukata mtazamaji hudhani spika imeharibika. Upande wa gemu uondoe mvumo huo kwa makusudi. Kisha itazame filamu yako bila sauti, halafu isikilize bila picha. Pale ambapo picha na sauti vyote havibadiliki kwa sekunde 20, kata hapo, na glasi ya maji iache ilivyo.