Umewapa sura, hukuwapa shida

Ndugu, unasema wahusika wa hadithi zako wote wanafanana ingawa kila mmoja umempa kimo, rangi na mavazi yake. Hapo umewapa sura, hukuwapa shida. Mpe mtu kitu anachokitaka mno, halafu weka kinachomzuia.

Mtazame Rosa katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1971). Baba yake, Zakaria, anamcharaza kwa sababu ya barua ya mvulana. Tangu hapo binti anawaogopa wanaume, ila akishafika shule, mbali na nyumbani, woga ule unageuka kitu kingine kabisa. Mabadiliko yake hayatushtui kwa sababu mbegu tuliiona ikipandwa. Na Zakaria mwenyewe ni mlevi anayedai adabu kwa wanawe! Ukinzani huo tu unamtoa kwenye ubapa, yaani kuwa mhusika wa upande mmoja tu.

Mazungumzo nayo: futa majina ya wasemaji, kisha soma kwa sauti. Usipomtambua anayesema, andika upya. (Hadithi yangu ya kwanza, hata bibi wa miaka 80 aliongea kama mwalimu wa fasihi.)