Dada, usibaki kwenye benchi Jumapili. Mtandio si sharti la kukomunika

Usifanye hivyo, dada. Umeandika kwamba Jumapili utakwenda Misa lakini hutakomunika, yaani hutapokea Komunyo, kwa sababu umeambiwa mwanamke akiiendea altare kichwa wazi anakula hukumu yake mwenyewe, na wewe mtandio huna. Halafu ukauliza na mengine: rangi ya shela, urefu wa mikono ya gauni, suruali. Mimi nimeganda kwenye mstari ule wa kwanza na roho imeniuma, maana maneno hayo nililishwa mimi, karibu neno kwa neno, na nikayameza.

Hakuna sheria ya Kanisa Katoliki inayokutaka ufunike kichwa ndipo ukomunike. Haipo.

Ilikuwepo zamani, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 1262, uliagiza wanaume wahudhurie ibada kichwa wazi, na wanawake wafunike vichwa na wavae kwa adabu, hasa wanapoiendea meza ya Bwana. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "zamani ilikuwa sheria" hasemi uongo. Lakini mwaka 1976 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko la Inter Insigniores, na humo ikautaja wajibu wa shela kuwa ni desturi ya nidhamu ambayo hailazimishi tena. Kisha Papa Yohane Paulo II akatangaza Mkusanyo mpya mwaka 1983, ukaanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo huo. Kanuni yake ya 6 inaufuta ule wa 1917, na agizo la kichwa halikurudishwa popote. Anayekubana leo kwa kanuni ile ni sawa na mtu anayekudai kodi ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Hayo sikuyajua. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa kikundi cha sala, mtu wa rozari na novena, anayeheshimiwa na kila mtu, na ndiyo maana sikubisha. Niliwahi kumuuliza imeandikwa wapi. Akanijibu, "Mwanangu, mambo ya Mungu hayaulizwi hivyo." Nikanyamaza. Hadi leo nikilikumbuka jibu lile napandwa na hasira, kwa sababu mambo ya Mungu huulizwa hivyo hivyo, na katekista yeyote anayeijua kazi yake atakufungulia ukurasa akuonyeshe. Hakuwa na ukurasa. Alikuwa na sauti ya upole na uhakika mwingi, na vitu hivyo viwili vimewaweka wanawake wengi kwenye mabenchi.

Sasa sikia gharama yake. Kila siku niliyosahau mtandio, au ulipokuwa umelowa, au nilipotoka moja kwa moja kazini kwenda Misa ya jioni, sikukomunika. Safu yetu ikisimama, mimi nageuza magoti upande ili wenzangu wapite. Viatu vinapita mbele yangu kimoja kimoja, nami nimekikazia macho kitabu cha nyimbo ambacho wala sikisomi. Anayerudi anapiga magoti pembeni yangu, najisikia kama mgeni nyumbani kwa Baba yangu. Ukishazoea kubaki mara moja, mara ya pili haiumi sana, ya tatu unaona ni kawaida. Hivyo ndivyo kipindi chote cha Pasaka kilivyonipita.

Pasaka, dada! Kanuni ya 920 ya Mkusanyo huo mpya inasema kila mwamini aliyekwisha kupokea Komunyo ya kwanza anawajibika kukomunika walau mara moja kwa mwaka, na wakati wake ni kipindi cha Pasaka, isipokuwa kuna sababu ya haki ya kutimiza wajibu huo wakati mwingine. Ni ile amri ya Kanisa tuliyoikariri tukiwa watoto wa mafundisho. Yaani kwa kuogopa sheria iliyokwisha kufutwa, niliiacha iliyo hai. Nilikwenda kuungama mambo mengine kabisa, padre akaniuliza kama nilikomunika Pasaka. Nikasema hapana, sikuwa na kitambaa cha kichwa. Akakaa kimya kidogo, akauliza kama kulikuwa na dhambi kubwa niliyoijua moyoni wakati ule. Hapana, Padre. "Sasa nani alikuzuia?" Sikuwa na jibu.

Na usikubali utishwe kwa ile sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, maana najua ndiyo uliyosomewa. Wanachukua mstari wa 5 unaozungumzia mwanamke anayesali bila kufunika kichwa, wanauruka ukurasa, wanaushonea mstari wa 27 unaozungumzia kula mkate isivyostahili. Ukiwasikiliza utadhani Paulo aliyasema kwa pumzi moja. Soma katikati. Kuanzia mstari wa 17 Paulo anageukia jambo jingine: Wakorintho wanakusanyika wamegawanyika, kila mtu anawahi chakula chake, huyu ana njaa na yule amelewa, na wasio na kitu wanaaibishwa. Huko ndiko kutostahili anakokukemea. Kisha mstari wa 28 anasema mtu ajihoji, na baada ya kujihoji ale. Hasemi ajihoji halafu abaki amekaa. Ukitaka kulitumia neno lile kwa uaminifu, anza na yule anayemwaibisha mwenzake kanisani kwa sababu hana kitambaa.

Kinachokuzuia kweli kimeandikwa. Kanuni ya 916: mwenye dhambi nzito anayoitambua aungame kwanza. Kanuni ya 919: usile wala kunywa kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Na kanuni ya 912 inasema kila mbatizwa asiyezuiwa na sheria anaweza, na ni lazima, akubaliwe kwenye Komunyo. Jihoji hapo. Dhamiri ikiwa safi, simama uende. Hiyo ndiyo kanuni yangu na sitaibadilisha: nguo ishughulikie nyumbani, lakini ukishafika kanisani, mbele ya altare unaulizwa dhamiri yako tu.

Sisemi mavazi hayana maana. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1387, inasema mwili wenyewe, kwa mkao na mavazi, uonyeshe heshima, uzito na furaha ya saa ile Kristo anapokuwa mgeni wetu. Vaa ukijua unakwenda kwa nani. Hata kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro kule Vatikano mlangoni wanaangalia mabega na magoti, ya wanaume na ya wanawake, na hakuna anayekudai shela. Ukijikuta na gauni linaloacha mabega nje, omba kanga au sweta kwa jirani, jifunike, uende.

Na wale mnaojiandaa kuja kuniambia nimekuwa mwanaharakati wa kuvua vichwa, shusheni pumzi. Mtandio wangu mweupe umepigwa pasi, unaning'inia kabatini, na Jumapili nitauvaa. Naupenda. Ukinishuka usoni wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, napata utulivu ambao siupati popote. Anayejifunika kwa upendo nitakaa naye benchi moja kwa furaha. Ninayegombana naye ni yule anayeitumia pindo ya kitambaa kumfungia mwenzake njia ya kwenda kwa Bwana, wakati hata padre hana ruhusa ya kumnyima sakramenti mtu anayeiomba kwa wakati unaofaa, aliyejiandaa vema na asiyezuiwa na sheria. Kanuni ya 843 hiyo, kaitafuteni.

Dada, kama bado una hofu, fika mapema kabla ya Misa, umtafute padre kabla hajaingia sakristia kuvaa. Usimzungushe na habari ndefu. Muulize: "Padre, sina dhambi nzito ninayoijua, ila sina mtandio. Nikomunike?" Ukishajibiwa, hata akija mtu wa kukushika mkono kwenye safu, mwambie umeshaongea na padre, endelea kutembea. Halafu jioni rudi hapa utuandikie, nitakuwa naangalia.